Waridi Lisilonukia: Kemia ya Mafuta ya Maua na Ndoto ya Arusha

Ukanda wa kusini wa Mlima Meru, kuanzia Tengeru na Usa River hadi tambarare za Nduruma, umekuwa ukilima mawaridi ya kuuzwa Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maua hukatwa yakiwa bado yamefumba, huingizwa chumba cha baridi, hufungwa kwa mafungu, kisha mengi hupitia Namanga kwenda kupakiwa ndegeni Nairobi, ingawa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, uko jirani kabisa. Ni biashara yenye desturi ya kuyumba. Nauli ya mizigo ikipanda, au bei ikianguka kwenye mnada wa Uholanzi, au ndege zikisimama kama zilivyosimama Machi 2020 kwa janga la korona, maua hukosa mnunuzi na kuishia kwenye shimo la mboji. Kila hali hiyo inapojitokeza, hurudi pendekezo lilelile: kwa nini mawaridi haya yasikamuliwe marashi hapahapa Arusha, chupa ndogo ikauzwa kwa bei ya shada mia? Pendekezo hili lina mvuto na wanaolitoa hawana nia mbaya, lakini limesimama juu ya dhana isiyokaguliwa, kwamba palipo na ua pana harufu, na palipo na harufu pana mafuta. Ninachodai hapa ni tofauti. Mnunuzi wa mafuta ya manukato hununua uwiano fulani wa molekuli, na uwiano huo huamuliwa na urithi wa mmea, saa ya kuchuma na namna ya kukeneka. Tukiupima mkoa huu kwa mizani hiyo, utajiri wake wa manukato hauko ndani ya vitalu nyumba. Uko kwenye vichaka vya majani ambavyo wengi huvipita bila kuvitazama.

Tuanze na waridi lenyewe, yaani lile linalotoa mafuta kweli, Rosa damascena, linalolimwa Kazanlak nchini Bulgaria na Isparta nchini Uturuki. Kilo moja ya mafuta yake huhitaji kilo 3,500 hadi 4,000 za maua, yaliyochumwa alfajiri kabla jua halijayanyang'anya harufu. Mafuta hayo si kitu kimoja. Yamo ndani yake mamia ya misombo, ingawa michache tu ndiyo inayobeba uzito. Sitroneloli huweza kufika theluthi moja au zaidi kidogo, geranioli huifuata ikiwa na asilimia 15 hivi, kisha nerolo, ambayo ni ndugu wa geranioli aliyepinda upande mmoja wa molekuli. Hizi ni alkoholi za jamii ya tapeni, na ndizo zinazotoa ule utamu wenye uchachu kidogo wa limau. Sehemu nyingine kubwa ni parafini, aina ya nta isiyo na harufu yoyote, ambayo ndiyo huyafanya mafuta halisi ya waridi yagande chupani siku ya baridi. Feniletanoli, ambayo kwa pua nyingi ndiyo waridi lenyewe, haizidi asilimia chache. Sababu ni kwamba inayeyuka majini kwa urahisi, kwa hiyo wakati wa kukeneka hukimbilia kwenye maji. Ndiyo maana marashi ya kunyunyizia wageni harusini na maitini, ambayo ni maji ya waridi, hunukia tofauti na mafuta ya waridi ingawa vyote vimetoka kwenye mtungi mmoja.

Lakini orodha ya asilimia hudanganya, na hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Pua haihesabu wingi, bali hulinganisha kiasi kilichopo na kiwango cha chini kabisa inachoweza kukinusa. Sitroneloli, kwenye sampuli moja ya mafuta ya Bulgaria iliyokuja kuwa mfano wa darasani, ilikuwa asilimia 38, na pua huanza kuitambua majini ikifika sehemu 40 katika bilioni. Beta-damaskenoni, ketoni iliyogunduliwa katika mafuta hayo na wanakemia wa Uswisi na kutangazwa mwaka 1970, ilikuwa asilimia 0.14 tu, lakini pua huitambua kwenye sehemu 0.009 katika bilioni. Gawanya kiasi kwa kiwango hicho, utaona kwamba ile iliyo chache mara 270 huipiga pua kwa nguvu mara 16 hivi kuliko ile iliyo nyingi. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana harufu zikichanganyika huongezeana nguvu na kufichana kwa namna ambazo mgawanyo rahisi hauwezi kuzionyesha. Hata hivyo inatosha kubomoa wazo kwamba mafuta bora ni yale yenye wingi wa kile tunachokijua. Mtu anaweza kuchanganya sitroneloli, geranioli na feniletanoli za kiwandani kwa vipimo sahihi kabisa, akapata kitu kinachofanana na sabuni ya waridi. Kilichokosekana ni ile chembe ya damaskenoni, pamoja na oksaidi ya waridi na beta-iononi, ambazo kwa wingi wake zingeweza kudhaniwa ni uchafu.

Sasa tulilete hilo Usa River. Waridi la kukatwa halikuzalishwa kwa ajili ya pua. Wazalishaji wa mbegu, wengi wao Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani, kwa miongo kadhaa wamechagua shina refu, rangi isiyopauka, ua linalostahimili sanduku na baridi ya safari, na linalodumu ndani ya chombo wiki mbili. Harufu haikuwa kwenye orodha, na kisichochaguliwa hupotea. Namna ilivyopotea ilieleweka vizuri mwaka 2015, wakati watafiti wa Ufaransa walipochapisha katika jarida la Science ulinganisho wa waridi linalonukia sana, Papa Meilland, na jingine lisilonukia, Rouge Meilland. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba waridi hutengeneza geranioli kwa kimeng'enya kilekile kinachotumiwa na mimea mingine kama mrehani. Sivyo. Waridi lina njia yake ya pekee, inayotegemea kimeng'enya kilichopewa jina RhNUDX1, cha ukoo ambao katika viumbe wengine hufanya kazi ya kusafisha mabaki ya molekuli ndani ya seli. Katika ua linalonukia, jeni ya kimeng'enya hiki hufanya kazi kwa nguvu; katika lile lisilonukia imelala karibu kabisa. Kwa hiyo waridi la kawaida la vitalu vya Meru halina mafuta yaliyojificha yanayosubiri mtambo hodari zaidi. Kiwanda chenyewe ndani ya petali kimefungwa. Ukilikeneka utapata nta nyingi, alkoholi kidogo, na harufu ya majani mabichi.

Mtetezi wa pendekezo atajibu kwamba maua yaliyokosa soko ni ya bure, na cha bure hata kikitoa kidogo ni faida. Jibu hili linasahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba kukeneka tani nne za maua yanayonukia hutumia maji, moto na siku za kazi sawasawa na kukeneka tani nne za maua yasiyonukia. Bei ya ua ikiwa sifuri, gharama ya moto haishuki hata senti. La pili ni viuatilifu. Waridi la kuuza Ulaya hupigiwa dawa za ukungu, utitiri na wadudu tangu chipukizi, kwa sababu doa moja kwenye jani humfukuza mnunuzi. Nalo haliliwi, kwa hiyo masharti ya mabaki ya dawa juu yake ni mepesi kuliko ya mboga. Dawa nyingi za namna hiyo hupenda mafuta kuliko maji. Unapochukua kilo elfu kadhaa za petali ukazifanya kilo moja, umekusanya pia sehemu ya kile kilichopigwa juu yake, na ukikamua kwa kiyeyusho badala ya mvuke, mkusanyiko huo huwa mbaya zaidi. Mafuta hayo yanakwenda kupakwa kwenye ngozi. Sioni maabara ya nchi yoyote yenye kujiheshimu itakayoyapitisha.

Wapo watakaosema basi tuachane na waridi la kukatwa, tupande lile la damaski. Hili ni pingamizi zito zaidi, na mfano wake uko karibu na wasomaji wengi wa Kiswahili: Jebel Akhdar, Oman, ambako kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi wanavijiji huchuma mawaridi mwezi Aprili na kuyakeneka kwenye mitungi ya udongo kwa ajili ya maji ya waridi, au Taif, Saudi Arabia, milimani juu ya Makka. Zote ni sehemu za joto kwa fikra za watu, na zote zina waridi maarufu. Lakini zote pia zina majira ya baridi. Waridi la damaski huchanua kwa mkupuo mmoja baada ya kulala kipindi cha baridi, na mkupuo huo ndio unaomwezesha mkenekaji kuujaza mtungi kwa siku moja. Arusha iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Julai yake ni ya ubaridi na ukungu, si ya kuulaza mmea. Ukipanda juu zaidi ya mlima kutafuta baridi, unaingia msitu wa hifadhi na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambamo hakuna wa kukupa shamba. Sisemi haiwezekani kupata maua. Nasema hakuna sababu ya kushindana na Bulgaria kwenye mmea unaoipendelea Bulgaria.

Tukiacha waridi, kanuni ileile huonekana kote ambako Afrika Mashariki na visiwa vyake vimefanikiwa kuuza harufu. Mlangilangi wa Comoro ni mfano mzuri wa saa na moto. Maua yake ya manjano hukenekwa kwa saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya kumi na mbili, na mafuta hayakusanywi kwa pamoja. Yanayotoka mwanzo huwa na esta nyepesi na etha ya kresoli, yenye utamu mkali unaotafutwa na watengenezaji wa manukato. Yanayotoka mwisho huwa na sesikwitapeni nzito kama jemakreni na kariofileni, nayo huenda kwenye sabuni. Mti mmoja, ua moja, siku moja, madaraja manne na bei nne. Asumini, ambayo uzuri wake hutegemea asetati ya benzili pamoja na indoli (molekuli ambayo ikizidi hunuka choo, na ikiwa kidogo huupa ua uhai), haivumilii mvuke hata kidogo, hivyo hukamuliwa kwa viyeyusho. Na Pemba wana karafuu, ambayo ndiyo kichwa cha somo hili: tumba lililokauka hutoa mafuta yanayofika asilimia 15 na zaidi ya uzito wake, ambapo waridi halifiki hata asilimia moja. Tena kiwanda cha Wawi, Chake Chake, ambacho watu hukiita kiwanda cha makonyo, kinaonyesha kwamba hata ua lenyewe si lazima. Makonyo na majani yana eujenoli ya kutosha, kwa hiyo karafuu huuzwa nje kama karafuu, na mafuta yakatoka kwenye kilichokuwa taka. Wanaotaka Arusha ifanye hivyo kwa waridi wameona taka za Pemba, hawakuona eujenoli.

Je, Meru ina nini, basi? Ina kivumbasi. Jamii hii ya mrehani mwitu huota pembezoni mwa mashamba, kwenye makorongo na kando ya njia, na watu wa Arusha na Kilimanjaro hufukiza majani yake kufukuza mbu tangu zamani. Watafiti wa taasisi ya viuatilifu ya Ngaramtoni, iliyokuwa TPRI na sasa ni sehemu ya mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, wamekuwa miongoni mwa waliouchunguza uwezo huo kisayansi. Spishi mbili zina uzito hapa. Moja wanabotania waliiita Ocimum kilimandscharicum, na aina yake inayojulikana zaidi ina kafuri kwa wingi kiasi kwamba katika miaka ya 1930 na 1940, wakati dunia ilipotegemea kafuri ya miti ya Taiwan iliyokuwa chini ya Japani, majani haya yalijaribiwa Afrika Mashariki na India kama chanzo mbadala. Nyingine ni Ocimum gratissimum, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hutoa eujenoli ileile ya karafuu. Mfano wa biashara upo tayari ng'ambo ya mpaka: kando ya msitu wa Kakamega nchini Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru hulima kivumbasi cha kafuri, hukikeneka na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 kilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hakikufanya hivyo kwa ua lenye sifa duniani. Kilifanya kwa jani ambalo mafuta yake yalipimwa kwanza.

Kupima ndiko kunakoleta ubishi. Kuna wanaoona kemia ni anasa ya wenye maabara, kwamba bibi aliyefukiza kivumbasi hakuhitaji mashine kumwambia kinafanya kazi. Kwa nyumba yake, kweli hakuhitaji. Tatizo huanza pale anapotaka kumuuzia mtu asiyemjua. Vivumbasi viwili vinaweza kufanana jani, shina na ua, kimoja kikawa na eujenoli na kingine kikawa na thimoli, au geranioli. Na kile cha Kilimanjaro, licha ya sifa yake ya kafuri, kina jamaa zake wenye sineoli zaidi, ile ya mkaratusi. Hizi ni aina za kemikali ndani ya spishi moja, zimeandikwa kwenye urithi, na jicho halizitofautishi. Pua hodari itahisi tofauti, lakini haitakuambia ni kiasi gani. Na kiasi ni suala la usalama. Kafuri ikimezwa huweza kumletea mtoto degedege, na Marekani imeweka kikomo cha asilimia 11 kwa dawa za kuchua zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mwenye chupa isiyopimwa hajui yuko upande gani wa kikomo hicho. Hata mafuta ya waridi, pamoja na heshima yake yote, yana methileujenoli kidogo, ambayo matumizi yake katika vipodozi Ulaya yamewekewa mipaka mikali.

Pingamizi la mwisho ni la viwanda: kafuri hutengenezwa kutokana na tapentaini ya misonobari, feniletanoli hutoka kiwandani kwa bei ya chini, na hakuna mkulima wa Oldonyo Sambu atakayeshindana na mtambo wa aina hiyo. Kwa molekuli moja moja ni kweli tupu, na anayepanga kuuza kafuri safi kwa viwanda ashauriwe aache. Ila mchanganyiko wa asili una alama ambazo bidhaa ya kiwandani haina. Sitroneloli, kwa mfano, ina maumbo mawili, moja likiwa taswira ya lingine, kama mkono wa kushoto na wa kulia. Waridi hutengeneza karibu umbo moja tu. Sitroneloli ya kiwandani kwa kawaida ni mchanganyiko wa yote mawili, na ile ya jereniamu, mmea ambao mafuta ya majani yake yametumiwa kwa karne nzima kulaghai wanunuzi wa waridi, nayo ina yote mawili kwa viwango vyake. Kromatografia ya gesi yenye safu inayotenganisha maumbo hayo huufichua ulaghai kwa sampuli ya tone moja. Kipimo kilekile kinachomwumbua tapeli humtetea mkulima, kwa kuwa mnunuzi anayelipa zaidi kwa kitu cha asili hulipia uthibitisho, na anayeweza kuutoa hapangiwi bei ya tapentaini. Na jereniamu hiyohiyo, iuzwe kwa jina lake halali, ingefaa kwa nyanda hizi: hukua kwa vipandikizi, haihitaji kulala baridi, huvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na alkoholi zake kuu ni zilezile za waridi.

Wakulima wa kaskazini hawatakuwa wageni kwa biashara ya namna hii. Pareto, ambayo imelimwa miteremko ya Meru na nyanda nyingine za juu za nchi, kamwe haikuwa biashara ya ua kwa uzuri wake. Thamani ya ua lililokaushwa hutegemea pirethrini zilizomo, na pirethrini ni jina la jumla la esta sita zinazoua wadudu. Mwinuko na ubaridi huongeza kiasi cha pirethrini, na hapo ndipo mkulima alipojifunza kwamba shamba la juu na shamba la chini, kwa mbegu ileile, si mali moja.

Kwa kivumbasi na jereniamu kazi hiyo ya kulinganisha inaweza kufanywa bila kusafirisha hata jani nje ya mkoa. Ngaramtoni kuna utaalamu wa kuchambua mabaki ya viuatilifu, ambao mashine zake za msingi ni za ukoo uleule. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela pamoja na kituo cha utafiti wa mazao ya bustani. Meru yenyewe inarahisisha jaribio, kwani upande wa kusini ni wa mvua na migomba, upande wa Ngare Nanyuki na Oldonyo Sambu ni mkavu, na umbali kati yao ni mwendo wa saa chache kwa gari. Sampuli za mwisho wa masika na za kiangazi, za asubuhi na za mchana, kutoka pande zote mbili, zingetosha kuonyesha ni shina lipi lina mchanganyiko unaofaa na kama linaushikilia. Shina likishapatikana, lizidishwe kwa vipandikizi, maana kivumbasi huchavushwa na nyuki na mbegu zake hazimfuati mama. Mtambo ununuliwe baada ya hapo, nao utakuwa na urahisi na ugumu wake wa kienyeji. Maji ya Meru yenye floridi nyingi, yanayoharibu meno ya watoto, hayataidhuru bidhaa, kwani floridi hubaki chini ya mtungi wakati mvuke unapopanda. Kuni ndilo jambo la kuangaliwa tangu mwanzo. Mlima hauwezi kutoa miti kwa ajili ya kuchemsha majani, kwa hiyo hesabu ya mtambo inapaswa kufanywa kwa maganda ya kahawa kutoka vinu vya kukoboa, pamoja na majani yaliyokwisha kukenekwa, ambayo yakianikwa siku mbili tatu za jua huwaka vizuri.